Mwongozo wa Kufika Kwalume

Hadithi hii ni ya nchi iitwayo Nyoofu. Msiniulize iko wapi, maana nimeitafuta kwenye ramani yake yenyewe nikaikosa, na walioichora wamekula yamini kwamba ipo. Ni nchi njema, mimi sina neno nayo. Ninachowasimulia ni kisa cha Bi Zawena tu, na kama kuna msomaji atakayeona kinafanana na mambo ya kwao, huyo ana macho mabaya na ajiangalie.

Nyoofu haina barabara mbovu. Hapo sisifii, nataja sheria. Mwaka wa tatu wa utawala wa sasa, Wizara ya Barabara ilibadilishwa jina ikawa Wizara ya Barabara Zilizokamilika, na toka siku hiyo hakuna barabara iliyothubutu kubaki nusu. Waziri wake, Mheshimiwa Daktari Chapakazi, alizifungua zote kwa wiki moja bila kutoka ofisini. Ramani kubwa ya nchi ilitundikwa ukutani, utepe mwekundu ukabandikwa juu yake kutoka mji mmoja hadi mwingine, Mheshimiwa akaukata, bendi ikapiga, barabara ikawa imefunguliwa. Wakaguzi walifuata na rula. Walipima, wakakuta urefu ni ule ule uliotajwa kwenye hotuba, wakagonga mhuri. Palipotokea mto katikati ya utepe, mto uliandikiwa barua ya onyo.

Kwa hiyo katika nchi ya namna hiyo, mtu anayetaka kuendesha gari nje ya barabara anatiliwa shaka, kwa sababu anadai kuna nje.

Bi Zawena Kitogo alikuwa ameendesha lori la maji la manispaa kwa miaka ishirini na miwili, na kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu. Alinusa maziwa kabla ya kuyachemsha na baada ya kuyachemsha. Akisalimiwa na mgeni aliitikia vizuri tu, kisha akageuka kuangalia mgeni anaelekea wapi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mnyoofu kama Wanyoofu wengine.

Siku moja mwuza asali alimletea barua aliyoibeba siku sita kwa miguu. Iliandikwa hivi: "Dada, niliumia mguu shambani, sasa umevimba mpaka gotini na umeanza kunuka. Hapa Kwalume hakuna dawa. Njoo na gari kabla ya mvua. Mvua zikianza hutafika, na zikiisha hutanikuta. Ni mimi, Kahema."

Kahema alikuwa mdogo wake, na ndugu pekee aliyebaki. Zawena alianza kwa kuichunguza barua, maana hata barua huweza kutumwa. Aliiweka kando ya barua ya zamani, akalinganisha mikia ya herufi moja baada ya nyingine. Alipothibitisha kwamba ni mwandiko wa Kahema, aliketi jikoni akalia. Kisha akatoka nje kuangalia mbingu, akahesabu kwamba masika haiko mbali zaidi ya siku kumi.

Gari alikuwa nalo, kuukuu, refu, la kuzungusha magurudumu yote manne. Alichokosa ni njia. Kwenye ramani ya serikali, Kwalume ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa lami, na mwisho wa lami palichorwa msalaba mwekundu wa hospitali. Sasa kama palikuwa na hospitali, Kahema alikuwa anaozea nini? Wahenga walishasema njia ya mwongo ni fupi, na hakuna njia aliyowahi kuiona fupi kama ile.

*

Ili kutoka mjini kwa gari, raia wa Nyoofu anahitaji kibali, na kibali hakitolewi mpaka utaje ramani na kitabu cha mwongozo utakavyotumia. Zawena alikwenda kwenye duka la Bwana Mwinchande, mzee mwembamba aliyeuza vitabu na kukohoa.

"Karibu, mama. Unatafuta nini?"

"Kitabu cha safari."

"Safari ya wapi?"

"Kwani lazima nisafiri? Nataka kusoma."

Mwinchande aliangalia mikono ya Zawena iliyokomaa kwa usukani, kisha mlango. "Wasomaji wamekuwa wengi siku hizi," alisema, akamwekea mezani kilichokuwa kinauzwa sana.

Kilikuwa kinene, chenye picha, kimeitwa *Nyoofu kwa Siku Tatu Bila Vumbi*, na mwandishi wake alikuwa profesa aliyekiandika akiwa nchi za nje kwa matibabu. Kwalume ilipewa kurasa mbili. Msafiri, alisema profesa, atateleza juu ya lami inayong'aa, atapokewa na wenyeji wanaotabasamu bila sababu, na atalala katika hoteli ya nyota nne, ya tano itaongezwa bajeti ikiruhusu. Pamoja nacho ilikuja Ramani ya Taifa, toleo la kumi na nne, lililorekebishwa kufuatana na hotuba. Milima miwili ilikuwa imepunguzwa kwa ombi la wawekezaji. Pembeni paliandikwa kwa herufi nyekundu: *Msafiri akikuta mahali hapafanani na ramani hii, ajue amepotea yeye.*

"Kizuri," alisema Zawena. "Huna kingine?"

"Kingine cha namna gani?"

"Cha mtu aliyefika."

Mwinchande alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi chake kilivyohitaji. Kisha akaenda kwenye rafu ya hotuba za Waziri, mahali ambapo hakuna mteja aliyewahi kugusa, akainua juzuu nne na kutoa rundo la karatasi zilizoshonwa kwa uzi wa gunia. Halikuwa na jalada wala jina la mwandishi.

Zawena hakuligusa. Alifikiri. Mtu humpimaje mwongo wa mbali? Humpima kwa jambo la karibu. "Nisomee mtaa wangu," alisema. "Mtaa wa Mikorosho."

Ramani ya Taifa iliuonyesha Mtaa wa Mikorosho kuwa bustani ya mapumziko yenye chemchemi. Mwinchande alifunua karatasi zake, akasoma kwa sauti ya chini: "Mtaa wa Mikorosho. Bana kulia, kushoto kuna shimo lililomeza pikipiki mwaka juzi. Mbele ya nyumba yenye bati la bluu kuna dimbwi la vyura, halikauki. Mwenye nyumba ni mwanamke, dereva mstaafu, huchungulia dirishani kila gari linapopita."

Nywele zilimsimama Zawena. Kila neno lilikuwa kweli, mpaka vyura. Na hapo ndipo hofu ilipomwingia barabara, kwa maana ni nani katika Nyoofu aliyekuwa anaujua ukweli kiasi hicho? Profesa hakuujua. Waziri hakuutaka. Kwa hesabu zake walibaki watu wa namna moja tu, wale wa Idara ya Usikivu, ambao kazi yao ni kukaa karibu na watu.

"Nani kaandika?"

"Sijui."

"Umekipata wapi?"

"Sijakipata, mama. Hakipo."

Zawena alisimama pale akiwa na mashaka pande zote mbili. Kitabu cha uongo kingemwua Kahema. Kitabu cha kweli huenda kilikuwa mtego. Lakini mtego, aliwaza, humtega mtu mlangoni, hausumbuki kupima vina vya mito. "Basi nifungie hicho ambacho hakipo," alisema, "na hiki kilichopo nitakibeba mkononi watu wakione."

*

Kwenye ofisi ya vibali, afisa alilizunguka gari lake mara mbili.

"Jembe la nini?"

"La kulima."

"Kamba?"

"Ya kufungia mbuzi."

"Mbao hizi mbili?"

"Za kukalia."

"Na madumu manne ya mafuta, kwa safari ya saa tatu?"

"Mimi ni mwoga, baba."

Jibu hilo lilimridhisha afisa, kwa kuwa woga unatambulika kisheria. Aligonga mhuri, akamwambia kwamba kwa usalama wake atasindikizwa na gari la kijivu ambalo hatakiwi kuliona. Zawena alishukuru, akapanda, akaliona mara moja. Lilikuwa dogo, na dereva wake alikuwa amevaa kofia ya majani asubuhi isiyo na jua.

Lami iliisha kilomita ya kumi na nane. Hapo palikuwa na bango kubwa lenye picha ya Mheshimiwa Chapakazi akinyoosha mkono mbele, na mbele alikonyooshea palikuwa na miiba. Zawena alishuka, akatazama nyuma, gari la kijivu nalo likasimama na kujifanya mti. Akafungua kitabu cha uzi wa gunia, akakisoma ndani ya kurasa za profesa, jinsi wanafunzi wanavyofanya.

Loo, kilikuwa kitabu. Kilimwambia azunguke kichuguu kushoto, akazunguka, akakuta changarawe ngumu. Kilimwambia apunguze upepo wa magurudumu kwenye mchanga mwekundu, akapunguza, akapita. "Ukifika kwenye maji," kilisema mahali pengine, "usimwamini anayekuambia yanafika magotini, uliza kwanza ni magoti ya nani." Zawena alijikuta akicheka peke yake. Kisha akakasirika kwa kucheka, maana hakujua anachekeshwa na nani, na mtu anayejua kukuchekesha anajua mengi.

Siku ya pili mchana alifika mto Ngerere. Ramani ya Taifa ilionyesha daraja la nguzo kumi na mbili. Kitabu kilisema hakuna daraja, ila kuna kivuko cha mawe chini ya mkuyu. Zawena alitafuta mkuyu juu, akatafuta chini. Hapakuwa na mkuyu. Kulikuwa na maji ya rangi ya chai, mapana, na upande wa pili mawingu yalikuwa yameanza kujenga. Basi hata huyu ni mwongo, alijisemea, na moyo ukamwuma sana, maana alikuwa ameanza kumpenda.

Nyuma yake gari la kijivu lilizama kwenye mchanga. Msindikizaji alishuka akaanza kufukua kwa kofia. Zawena alimtazama kwa muda mrefu, apate uhakika kwamba amekwama kwelikweli na si kwa maagizo. Mwishowe alirudisha gari, akafunga kamba, akamvuta.

"Ahsante, mama," alisema yule mtu, akijipangusa. Alikuwa mtu mzima mwenye uso wa karani.

"Wewe ni nani?"

"Mimi siko hapa. Ila jina langu ni Ndimbo."

Macho yake yakaanguka kwenye kiti cha gari, kwenye zile karatasi zilizoshonwa. Zawena alisogea azifiche, lakini alikuwa amechelewa. Alisubiri filimbi, au pingu. Ndimbo alikunjakunja kofia yake.

"Umekionaje?" aliuliza.

"Kipi?"

"Hicho kitabu."

"Kitabu gani?"

"Mama, kiko pale, nakiona. Mimi nauliza tu umekionaje." Akageukia mto. "Ukurasa wa hamsini na tatu umekosea, najua. Mkuyu ulichukuliwa na maji masika ya juzi na mto ukahama. Sijapata nafasi ya kusahihisha."

Ikabidi Zawena aketi kwenye bampa.

Ndimbo alimweleza, kwa sauti ya mtu aliyekaa na jambo miaka mingi. Katika Nyoofu nzima, ni Idara ya Usikivu peke yake inayosafiri. Waziri hana haja ya kufika mahali, anatosha kupataja. Lakini anayemfuata mtu analazimika kufika huyo mtu anakofika, na kila shimo analolikuta analiandika, ndiyo kazi. "Nimepeleka taarifa mia nne na zaidi," alisema. "Miaka kumi na tisa. Haijarudi hata moja na swali. Nilikwenda siku moja stoo nikazikuta zimefungwa vile vile nilivyozifunga. Mtu akiandika, mama, anataka asomwe. Nikamtolea Mwinchande nakala."

"Unajua nikisema haya kwa wakubwa wako utafungwa?"

"Najua. Na mimi nikisema una kitabu changu utafungwa wewe."

Waliangaliana. Kila mmoja alikuwa na kisu kwenye shingo ya mwenzake, na ajabu ni kwamba Zawena hakukumbuka lini mara ya mwisho alistarehe na mtu namna ile. Alimsimulia habari za mguu wa Kahema, yote, mpaka harufu.

"Nionyeshe kivuko," alisema.

"Siruhusiwi kukuonyesha njia. Naruhusiwa kukufuata tu."

"Basi nifuate ukiwa mbele."

Ndimbo alitafakari jambo hilo kwa uaminifu wote wa mtumishi wa serikali. "Kwenye taarifa nitaandika nilikuwa nyuma," alisema, akawasha gari.

*

Hospitali ya Kwalume ilikuwapo, kwa kiasi cha jiwe la msingi. Lilikuwa jiwe kubwa jeupe lenye jina la Mheshimiwa, na wenyeji walianikia mihogo juu yake. Kahema walimkuta kwenye kibanda cha shule, amekondeana, jasho linamtoka, mguu umekuwa mweusi vidoleni.

"Umechelewa, dada," alisema.

"Nilikuwa nachagua kitabu," alisema Zawena, akamshika kwapani wamwinue.

Walimlaza juu ya godoro nyuma ya gari. Matone ya kwanza yaliwakuta Ngerere, na maji waliyovuka yakiwa chini ya milango wakati wa kwenda yalikuwa yakiingia ndani wakati wa kurudi. Kahema alipiga kelele kwenye mawe, kisha akaacha, na kule kuacha kulimtisha Zawena zaidi.

Hospitali ya mjini ilikuwa na dirisha la mapokezi, na nyuma ya dirisha alikuwapo karani mwenye fomu. Mgonjwa atokaye nje ya mji hapokelewi mpaka aliyemleta arudishe kibali, na kibali hakirudi bila ushuhuda wa msafiri: alitumia ramani ipi, na barabara aliikutaje.

"Andika tu, mama, machela inasubiri," alisema karani, ambaye hakuwa mkali hata kidogo.

Zawena alitazama nyuma. Ndimbo alikuwa amesimama ukutani akiwa hayupo, na alitikisa kichwa kidogo sana, kumkanya asiandike kweli. Basi Zawena aliandika: *Nilitumia Ramani ya Taifa. Lami tupu, saa tatu, gari halikutikisika. Naipongeza Wizara.* Aliandika haraka na kutia sahihi. Mimi simlaumu. Ningekuwa na ndugu mwenye mguu ule ningeandika kwamba barabara imetandikwa zulia.

Walimkata Kahema mguu chini ya goti, akapona. Daktari alisema ingepita siku moja zaidi wasingemshughulikia yeye, wangeshughulikia sanda.

*

Miezi ilipita. Toleo jipya la *Nyoofu kwa Siku Tatu Bila Vumbi* lilitoka, na ukurasa wake wa kwanza, chini ya salamu za Waziri, ulikuwa na ushuhuda wa msafiri: maneno ya Zawena, jina lake kamili na mtaa wake. Wizara ilikuwa imetafuta kwa miaka mtu hai aliyefika Kwalume, na sasa ilikuwa naye. Duka la Mwinchande lilikuwa na kufuli mlangoni, na Ndimbo hakuonekana tena, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yake halina maana yoyote, au lina maana zote.

Siku chache kabla ya vuli, asubuhi, mwanamke kijana alibisha hodi Mtaa wa Mikorosho. Aliamkia kwa adabu. Mkononi alikuwa na kile kitabu kipya.

"Wewe ndiye Bi Zawena wa humu?"

"Kwani vipi?"

"Mwanangu yuko Kwalume kwa bibi yake. Nimeletewa habari anatapika siku ya tano. Tunakwenda kumchukua leo, mume wangu ameazima gari. Nimesoma hapa ulivyosema, lakini moyo wangu hautulii. Nikasema nimwulize mwenyewe uso kwa uso. Mama, ni kweli barabara iko hivi?"

Zawena alimtazama. Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa mtu aliyepita kwenye ule mtaa. Machozi yalikuwa karibu, lakini machozi hufundishwa. Na nani humjia mtu mlangoni mchana kweupe kumwuliza kama kitabu cha serikali ni cha kweli? Kile cha uzi wa gunia kilikuwa kwenye debe la unga, hatua sita nyuma yake.

"Ni lami tupu," alisema.

"Saa tatu?"

"Saa tatu."

Mwanamke yule alimshukuru mara mbili, akaondoka. Zawena alichungulia dirishani aone anakutana na nani pembeni. Hakukutana na mtu. Alipanda kwenye gari dogo jeupe, la chini, la kwendea harusini. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na mto wa mtoto na birika la uji limefungwa kwa khanga.

Kahema alikuwa ameketi kwenye mkeka, magongo kando yake. "Ungempa kile kitabu," alisema.

"Na kama katumwa?"

"Na kama hakutumwa?"

Zawena alisimama katikati ya nyumba, halafu akalifikia debe, akazama mpaka viwikoni, akatoka na unga umemjaa mikononi na karatasi kifuani, mbio, bila viatu. Gari halikuwapo tena. Vumbi lake lilikuwa bado hewani. Mtaa mzima ulikuwa nje asubuhi ile: mshona viatu, wauza vitumbua, kina mama foleni ya maji.

"Gari jeupe limepita sasa hivi, limekata wapi?" aliwauliza. "Kulia au kushoto?"

Mshona viatu aliitazama mikono ya Zawena yenye unga, kisha akazitazama zile karatasi. Akasema hajaona gari. Mwuza vitumbua naye hakuona. Zawena alikwenda kutoka mtu hadi mtu mpaka mwisho wa mtaa, na wote, kwa adabu kabisa, walimwambia kwamba toka asubuhi hakuna gari lililopita hapo.